Safari ya siku kumi kwa pikipiki nikilala hemani: nipangeje umbali, mzigo na malazi?

Swali

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Nimeendesha pikipiki kwa miaka sita, karibu yote kwa shughuli za kila siku, na safari ndefu kuliko zote niliyowahi kufanya ilikuwa ya kilomita 220, kwenda na kurudi, nikalala nyumbani. Sasa nimepata likizo ya siku kumi na nimedhamiria kuitumia yote barabarani, peke yangu, nikilala hemani kila usiku.

Pikipiki yangu ni ya cc 250, tenki lake linachukua lita 11, na kwa mwendo wangu wa kawaida hutumia karibu lita 3.5 kwa kilomita 100. Tairi zake ni za tyubu. Njia niliyoichora kwenye ramani ina kilomita 3,600, ambazo theluthi yake ni changarawe na udongo, na nimeigawa sawasawa, kilomita 360 kila siku. Vitu nilivyokusudia kubeba nimevipima vyote pamoja nikapata kilo 48.

Naomba msaada katika mambo matatu. Je, umbali huo wa kila siku unawezekana? Mzigo nipunguze nini, na niufungeje? Na kwa kuwa usiku kadhaa nitakuwa kwenye nyanda za juu zenye baridi, nichague hema na mfuko wa kulalia kwa kigezo gani? Rafiki yangu mmoja ameniambia kwamba pikipiki ndogo kiasi hiki haifai kabisa kwa safari kama hii, na kauli yake imenitia wasiwasi.

Jibu la kwanza

Ndugu, niruhusu nianze na umbali, kwa sababu ukikosea hapo mengine yote yataharibika hata kama vifaa vyako ni bora.

Kugawa kilomita zote kwa idadi ya siku kunachukulia kwamba siku zote zinafanana na kwamba safari ni kuendesha tu. Mimi hupanga kuanzia upande wa pili: kwanza natafuta mahali panapoweza kulalika, kisha ndipo naunganisha mahali hapo kwa barabara. Itazame siku yako moja ya kilomita 360, yenye lami 240 na changarawe 120. Kwenye lami, hata kama mshale unaonyesha 80, ukijumlisha kusimama, kujaza mafuta na kupita penye watu, wastani wa kweli hushuka hadi karibu kilomita 55 kwa saa, na kwenye changarawe, ukiwa na mzigo, wastani wa 30 ni mzuri. Hizo tayari ni zaidi ya saa nane. Kuvunja kambi na kufunga mzigo asubuhi huchukua saa moja na nusu kwa mtu ambaye hajazoea, na jioni unapaswa kuwa umesimama saa mbili kabla ya jua kuzama. Kama mchana una saa 12, hukubakiwa na nafasi hata ya kuziba pancha moja.

Hizo saa mbili za jioni nazisisitiza kwa sababu zilishanipata. Mwaka wangu wa kwanza wa safari nilichelewa, nikafika gizani, nikasimika hema juu ya mchanga tambarare na laini ambao kwa mwanga wa tochi ulionekana mahali pazuri kuliko pote. Palikuwa ni mkondo wa mto mkavu. Mvua haikuninyeshea hata tone, ilinyesha mbali sana upande wa juu, na maji yalipofika usiku wa manane nilipata muda wa kuiondoa pikipiki tu; hema na vyote vilivyokuwamo vilichukuliwa. Mchana ningeziona takataka zilizonasa kwenye vichaka kwa urefu wa magoti, ambazo ndizo zinazoonyesha maji hufika wapi. Mchana pia utaliona tawi lililokauka juu ya hema lako, utaona ardhi inateremkia upande gani, na utajua upepo unatoka wapi, ili uuelekeze mgongo wa hema huko badala ya mlango.

Ushauri wangu, basi, ni siku nane za kuendesha zenye wastani wa kilomita 250, na siku mbili za kutulia, moja baada ya siku ya nne na nyingine uiache bila kazi maalumu, iwe akiba ya mvua au hitilafu. Jumla yake ni kilomita 2,000. Najua ni pungufu sana ya ulichokichora, lakini utaziona kweli.

Kuhusu mafuta, karatasi inasema tenki lako litakufikisha kilomita 314. Mzigo, upepo wa mbele na gia ndogo za kwenye changarawe zinaweza kuyapandisha matumizi hadi lita 4.5, na ukiacha lita mbili za akiba, umbali unaoweza kuutegemea ni kilomita 200. Popote ambapo vituo viwili vya mafuta vimeachana zaidi ya hapo, beba dumu dogo lililotengenezwa kwa ajili ya petroli.

Na rafiki yako, kwa heshima zote, amekosea. Mwaka 1912 na 1913 Mmarekani Carl Stearns Clancy aliizunguka dunia kwa pikipiki aina ya Henderson yenye nguvu ya farasi 7 tu, katika nyakati ambazo barabara nzuri zilikuwa chache mno. Yako ina nguvu zaidi, ina breki bora, na ikianguka utaweza kuinyanyua peke yako, jambo ambalo kwa msafiri wa pekee lina thamani kubwa kuliko mwendo kasi.

Jibu la pili

Nakubaliana na mwenzangu kuhusu umbali. Mimi nitashughulikia mzigo, maana kilo 48 kwenye pikipiki ya cc 250 zimenishtua.

Tafuta kwenye kitabu cha maelekezo, au kwenye kibandiko kilichopo kwenye fremu, uzito wa juu unaoruhusiwa. Toa humo uzito wa pikipiki ikiwa imejazwa mafuta, na kinachobaki ndicho kinachokutosha wewe mwenyewe pamoja na kila kitu ulichobeba, zikiwamo helmeti, buti na jaketi ambazo watu husahau kuzihesabu ingawa hufika kilo nane bila shida. Wengi hufanya hesabu hii mara moja tu kisha hawairudii tena, wala hawamalizi safari na mzigo walioanza nao.

Uzito wenyewe ni nusu ya jambo. Nusu ya pili ni mahali uzito huo unapokaa. Vitu vizito, yaani spana, maji, tyubu na chakula, viwe chini na karibu na katikati ya pikipiki, ndani ya mabegi ya pembeni na mbele yake iwezekanavyo. Kwenye keria ya nyuma weka vyepesi tu, kama mfuko wa kulalia na nguo. Mzigo ukirundikwa nyuma ya ekseli, gurudumu la mbele hupunguziwa uzito. Nilifunga hivyo wakati mmoja, begi moja kubwa la kilo karibu 25 juu ya keria, na kwa mwendo wa mjini sikuona tofauti yoyote. Nilipofika kilomita 90 kwa saa kwenye mteremko, usukani ulianza kutikisika, mwanzo kidogo kisha kwa nguvu, na kilichoniokoa ni kuachia akseleta taratibu bila kugusa breki na bila kuukaza mikono. Jioni hiyo nilihamisha vitu vizito mbele na chini, na kesho yake pikipiki ile ile, kwa barabara ya aina ile ile, ilitulia.

Ukishafunga mzigo wote, ndipo urekebishe pikipiki, si kabla. Ongeza ugumu wa springi ya shokapu ya nyuma. Jaza upepo kwa kipimo ambacho kitabu kimekitaja kwa pikipiki yenye mzigo, na upime tairi zikiwa baridi, kwa kuwa zikipata joto usomaji hupanda. Shusha taa ya mbele, maana sehemu ya nyuma ikibonyea mwanga hupanda na kuwaumiza macho wanaokuja. Legevu ya cheni ipime upya kwa njia ambayo kitabu kimeelekeza, kwa sababu cheni iliyokazwa kupita kiasi, shokapu inapobonyea, huvuta na kuharibu beringi za shafti inayoizungusha. Ipake mafuta kila baada ya kilomita 500 hivi, na mapema zaidi ukinyeshewa, jioni ikiwa bado ina joto, ili mafuta yapenye usiku kucha.

Tumia mikanda yenye vifungo vya chuma badala ya mipira ya kuvuta, ambayo hulegea polepole bila wewe kujua, na kila ncha ya mkanda inayoning'inia ifunge au uifiche. Ncha moja ikinasa kwenye sproketi, yaani gurudumu la meno linaloshika cheni, gurudumu la nyuma linaweza kujifunga ghafla.

Lengo lako liwe kilo 25. Utazipata ukibeba nguo za siku tatu na kuzifua, na ukiachana na kila kitu ulichokiandika kwa sababu ya neno "huenda".

Jibu la tatu

Nina nyongeza fupi kuhusu tyubu. Kabla ya kuondoka, toa tairi zote mbili mwenyewe kwa vifaa vile vile utakavyobeba, nyumbani, kwenye udongo, bila msaada wa mtu. Ni hapo utakapogundua kwamba spana ya ekseli haimo kwenye mfuko, au kwamba pikipiki haina stendi ya kati na hujui uiegemeze na nini. Beba pampu, viraka, vyuma viwili au vitatu vya kubandulia tairi, na tyubu ya akiba. Kama nafasi inatosha tyubu moja, chukua ya mbele, kwa kuwa inaweza kuingizwa nyuma kwa dharura na kukufikisha mahali pa msaada kwa mwendo wa taratibu, ilhali ya nyuma haikai vizuri kwenye rimu nyembamba ya mbele.

Jibu la nne

Nimelala hemani kwa miaka mingi kuliko nilivyoendesha pikipiki, kwa hiyo nitajibu swali la tatu.

Usianze na hema. Anza na kilichopo chini ya mgongo wako, kwa sababu mfuko wa kulalia hukandamizwa na uzito wa mwili na upande wa chini hauhifadhi tena joto, na baridi ya ardhini hupanda moja kwa moja. Mikeka na magodoro ya kambini hupimwa uwezo wa kuzuia joto lisipotee kwa kipimo kinachoitwa R: kwa usiku wa joto, R ya 2 inatosha, na kwa baridi inayokaribia sifuri tafuta 4 au zaidi. Godoro la kupuliza hufungika dogo kama chupa ya maji, na ndilo linalofaa pikipiki.

Mifuko ya kulalia huuzwa ikiwa na viwango kadhaa vya joto, na wengi husoma kisicho chao. Kwa mujibu wa kiwango cha kimataifa cha ISO 23537, upo ukomo wa starehe, ambapo mtu hulala ametulia, upo ukomo wa chini, ambapo aliyejikunyata bado hupata usingizi, na upo ukomo wa hatari, ambao ni wa kunusurika tu wala si wa kulala. Chagua kwa ukomo wa starehe. Ili kujua baridi utakayoikuta, chukua joto la usiku la bondeni na utoe takriban nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Bondeni kukiwa na nyuzi 18, mita 2,000 juu yake tarajia nyuzi 5.

Hema la watu wawili ndilo linalomtosha mtu mmoja pamoja na jaketi, buti na mabegi yake. Angalia urefu wa vijiti vikiwa vimekunjwa, maana vikizidi sentimita 45 haviingii kwenye mabegi mengi ya pembeni. Pendelea hema linalosimama lenyewe bila vigingi, kwa ajili ya usiku utakaoukuta mwamba.

Usipike ndani ya hema hata mvua ikinyesha kwa kiasi gani. Jiko hutoa gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina harufu, na mtu hulala bila kujua kwamba haamki. Kwenye baridi, kumbuka pia kwamba butani huacha kugeuka kuwa mvuke karibu na nyuzi sifuri, kwa hiyo chukua mtungi wenye mchanganyiko wa isobutani na propani.

Muuliza swali

Nawashukuru kwa dhati. Nimeichora njia upya, imekuwa ya kilomita 2,050, na mzigo umeshuka hadi kilo 27. Limebaki moja: nifanye usiku wa majaribio kabla ya safari, au siku ya kwanza yenyewe inatosha kuwa jaribio?

Jibu la kwanza, tena

Fanya usiku wa majaribio, na uufanye ukiwa na mzigo kamili, si nusu. Nenda kilomita 100 zenye lami na changarawe, ulale, urudi. Simika hema mara moja mchana na mara ya pili gizani, ili ujue kama unaweza. Chukua pia kipande cha bati au cha ubao mgumu cha kuweka chini ya stendi ya pembeni, kwa sababu ardhi inayobeba pikipiki jioni hulainishwa na mvua au umande, na egesha pikipiki mahali ambapo hata ikianguka haitalifikia hema. Asubuhi, kabla ya kufunga chochote, andika vitu ambavyo hukuvigusa usiku kucha. Vifaa vya pancha na vya huduma ya kwanza vibaki hata kama hukuvigusa; vingine viache nyumbani.