Eti kill -9 saa tano asubuhi, wateja foleni mpaka nje!

Wakuu, mnamjua huyu mtu, kila ofisi yenye seva anaye, yule msimamizi wa seva wa "nywila ya root (akaunti kuu ya seva) ninayo mimi tu". Leo kaua prosesi MOJA ya Postgres, databesi yetu, kwa kill -9 (amri ya Linux ya kuua programu papo hapo bila kuipa nafasi ya kujifunga) na databesi ikatema watu wote, matawi yote, wateja nusura waanze kujipikia hapo kaunta.

Chanzo ni hiki: intaneti ya tawi ikikatika mhudumu hayupo tena ila seva haina habari, inamngoja tu. Linux isipoguswa inakaa sekunde 7200, saa 2 nzima, ndo iulize upande wa pili kama kuna mtu. Huku prosesi zinajazana (kila koneksheni ina yake), max_connections, yaani kikomo cha koneksheni, bado ile 100 ya kiwandani, na mbaya kuliko zote ni ile "idle in transaction", muamala ulioachwa wazi katikati, mwenyewe kaondoka ila kufuli ya tebo ya mauzo kaishikilia, hakuna risiti inayotoka.

Nikamwambia kwa adabu, kaka fungua pg_stat_activity (orodha ya koneksheni zilizopo), itafute hiyo moja, itoe kwa pg_terminate_backend, amri ya Postgres yenyewe ya kukata koneksheni moja, wengine waendelee na kazi. Akanigeukia MBELE YA BOSI: "Dogo usinifundishe kazi." Halafu kill -9! Postgres ikiona mtoto wake kafa hivyo haiiamini tena memori ya pamoja, inafukuza koneksheni zote na kuanza kujirekebisha upya. Iko kwenye logi, kila mtu kaiona.

Halafu kaandika kwenye grupu eti watu wa programu hatufungi koneksheni. Intaneti imekata, nafunga na nini?? idle_in_transaction_session_timeout, ya kukata muamala ulioachwa wazi, ipo tangu toleo 9.6 la 2016, tcp_keepalives_idle, ya kufupisha zile saa 2, ni mstari mmoja, nimeomba mpaka nimechoka, jibu "tutaangalia". Dogo usinifundishe kazi! Mbele ya bosi!

mtu_wa_bandari: kill -9 kwenye Postgres?? Huyo anyang'anywe kibodi leo leo

Kisu Butu: Na wewe dogo, kwa nini programu yako inafungua muamala halafu inamngoja mhudumu abonyeze Sawa? Jibu hilo kwanza

Mleta uzi: Mkuu soma tena, MBELE YA BOSI

mamaJ: 😂😂 dogo kaumia

logi_tupu: Nyie mna nafuu. Sisi databesi yetu ni Oracle, SQLNET.EXPIRE_TIME (ya kugundua mteja aliyepotea) haijawahi kuwekwa, sesheni zimeganda SNIPED, yaani zimepitisha muda wa kukaa kimya ila hazijaondoka, tukiuliza tunaambiwa PMON, prosesi ya usafi ya Oracle, itasafisha yenyewe

mtu_wa_bandari: Kumbe mna mtu wa databesi kabisa? Kwetu wa seva ndo huyohuyo wa kamera na printa

mamaJ: Printa msinikumbushe jamani, ya kwetu inakula karatasi tangu Jumatatu na wino juzi tu umebadilishwa

Kisu Butu: Wino wa dukani au wa kujaza? Huo wa kujaza ndo unaua hizo mashine