Naomba ushauri: kuchapa mchoro wa "mashine isiyosimama" ya mwaka 1661 kwa ajili ya maabara

Mwalimu_Ngamiani
Wakuu, salaam. Mimi ni mwalimu wa fizikia, Tanga. Nataka kutundika maabara picha mbili za mashine ambazo watu wa zamani waliamini zingezunguka zenyewe milele. Moja imo kwenye kitabu cha Georg Andreas Böckler, *Theatrum Machinarum Novum*, kilichochapwa Nürnberg mwaka 1661. Maji yanaangukia gurudumu, gurudumu linazungusha mawe ya kunolea, na papo hapo linazungusha parafujo ya Archimedes inayoyapandisha maji yaleyale juu ili yaanguke tena. Nyingine ni ya Mfaransa Villard de Honnecourt, karne ya 13: gurudumu lenye nyundo saba zinazoning'inia ukingoni.

Nimeanza na ya Böckler, na roho inaniuma. Nilipakua faili, nikapeleka kwa wachapaji, wakanitolea kwa ukubwa wa A2 (sawa na A4 nne) kwenye karatasi inayong'aa. Kwenye mchoro wa asili kivuli kimejengwa kwa vistari vyembamba vilivyopishana kama chekeche. Kwenye yangu vimeshikana vikawa doa jeusi, na meno ya magurudumu huwezi kuyahesabu. Picha hii inasomwa kwa kidole: unaanza kwenye maji, unashuka na gurudumu, unafuata meno hadi kwenye parafujo, unapanda nayo. Meno yakipotea, mwanafunzi atafuata nini?

Nitumie karatasi gani, wino gani? Na je, niandike chini yake kwamba haifanyi kazi?

BiChapa_Unguja
Pole mwalimu wangu. Kwanza, faili lako lilikuwa na pikseli ngapi? Kama upana ni 1200 hivi, basi kwenye A2 unapata nukta 70 na kitu kwa inchi, na vistari vya namna ile vinataka 300. Kwa A2 tafuta faili la pikseli 4961 kwa 7016. Usipolipata, shuka A3, ambayo inataka 3508 kwa 4961, na kwa kweli mimi ningeshuka hata ukilipata lile la A2. Ule mchoro ulichongwa kwa ajili ya ukurasa wa kitabu. Ukiukuza sana, mistari inanenepa na ule wepesi wa mkono unapotea.

Ujue pia ile ni kazi ya bamba la shaba. Fundi anachimba mistari kwenye shaba, anajaza wino, anafuta uso wa bamba, kisha anashindilia karatasi yenye unyevu ili iunyonye wino kutoka kwenye mifereji. Ukipapasa chapa ya asili unausikia mstari umeinuka. Mashine zetu hazitakupa hilo, ila karatasi ya pamba isiyong'aa, gramu 300 hivi, pamoja na wino wa pigmenti (wenye chembe za rangi), itakusogeza karibu. Mwambie mchapaji asiing'arishe ile rangi ya karatasi kuukuu iwe nyeupe pee. Hiyo ya Villard ndiyo kabisa: ni kalamu na wino juu ya ngozi, iko Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, Paris. Ukiichapa nyeusi na nyeupe umeiua.

Na kwa hali yetu ya pwani, picha isigusane na kioo. Weka kadibodi isiyo na asidi kuzunguka kingo ili hewa ipite, la sivyo masika moja tu karatasi inagandia kioo na kuvu inaanza pembeni. Usiitundike ukuta unaotazamana na dirisha.

Mteremko14
Mwalimu, ongeza ya tatu: mchoro wa mwanahisabati Simon Stevin wa 1586. Pembetatu imesimama, upande mmoja mrefu mara mbili ya mwingine, na mnyororo wa mipira 14 umevishwa juu yake. Minne iko kwenye mteremko mrefu, miwili kwenye mfupi, minane inaning'inia chini. Je, minne itaishinda miwili? Ingekuwa hivyo, mnyororo ungezunguka milele, maana kila mpira unaoondoka mwingine unashika nafasi yake. Stevin akasema hilo haliwezekani, kwa hiyo minne ya upande mrefu inalingana na miwili ya upande mfupi, na kutoka hapo akapata kanuni ya mteremko. Ndiyo maana ningeitundika katikati ya zile mbili.

Maelezo ya chini, usiandike jibu. Andika jina, mwaka, na swali moja.

Mwalimu_Ngamiani
Bi Chapa, ahsante sana. Nimeangalia faili: upana 1180, haitoshi hata kwa A3. Basi nitatafuta faili kubwa zaidi na kuichapa A3, na ya Villard nitaiacha na rangi yake ya ngozi.

Mteremko14, umenikumbusha marehemu baba. Alikuwa fundi baiskeli. Alikuwa akipindua baiskeli, anazungusha gurudumu la mbele, ananiambia nihesabu. Lilikuwa linakwenda muda mrefu hadi naamini halitasimama. Mwisho linayumba kidogo, mbele, nyuma, mbele, nyuma, kisha linatulia, na karibu kila mara valvu iko chini. Nikiuliza kwa nini, ananiambia nilizungushe tena.

Zile nyundo saba za Villard ni valvu ileile. Kwa hiyo chini yake nitaandika: "Villard de Honnecourt, karne ya 13. Gurudumu hili litasimama nyundo zikiwa wapi?" Na nitaweka gurudumu la baiskeli juu ya meza, chini ya picha.