Wanawake wa zimamoto tupeane uzoefu: ulipigania kitu gani hadi ukakipata?

Mpira wa 70

Wadau za jumapili. Mi nipo zimamoto mwaka wa kumi na moja, hii mitatu ya mwisho ni mkuu wa zamu. Kila tarehe 8 Machi tunapangwa mbele ya gari tunapigwa picha, tunaambiwa wanawake mnaweza, kesho yake buti ni zile zile. Kwa hiyo humu naomba tusiongelee kuweza. Uliomba nini, ulimwomba nani, ukajibiwaje?

Naanza. Mguu wangu namba tano, kituoni buti zilianzia nane. Miaka miwili navaa soksi tatu na gazeti limekunjwa mbele. Usiku mmoja tupo kwenye moto wa maduka, napanda ngazi, mguu ukaja buti ikabaki. Nikashuka na soksi kwenye maji machafu yenye vioo, bosi ananiuliza buti iko wapi namwonesha kule juu. Hakucheka. Nilishaomba kwa mdomo kama mara nne hivi, safari hii nikaandika barua, na humo sikugusa habari ya kuonewa, niliandika tu kwamba askari wanne wa zamu hii hawawezi kupanda ngazi salama, nikaweka namba za miguu yao. Wawili kati ya hao wanne ni wanaume! Walikuwa kimya wanaona aibu. Miezi mitano buti zikafika.

kuruta_mstaafu

Hapo kwa barua umenikumbusha mbali. Mimi depo, kwenye mafunzo, nilikuwa naambiwa kila siku mpira wa maji utakushinda. Na kweli ulinishinda, maana mpira wa inchi mbili na nusu wenye mita ishirini ukijaa, maji yanayokaa ndani tu ni zaidi ya kilo sitini, bado ule msukumo wa kwenye nozeli unaokurudisha nyuma. Nilikuwa najaribu kushindana nao kwa mikono kama wanaume walivyokuwa wanafanya. Akaja mwalimu mmoja mwanamke, mwembamba kuliko mimi, akauzungusha mpira duara ukajipita wenyewe, akaukalia pale unapokutana, akapiga maji peke yake huku anatuangalia. Tukanyamaza wote. Kumbe hata wale wenye misuli walikuwa wanaburuzwa, ila wao wakiburuzwa hakuna anayesema ni kwa sababu ya jinsia yao 😂

Baba Mapacha

Mwanaume naruhusiwa? Nimefanya kazi chini ya afande mwanamke miaka minne. Tukifika kwenye tukio watu wanampita yeye wanakuja kwangu, mimi dereva, "mkubwa, nyumba ni ile". Mwenye nyumba mmoja aligoma kabisa kumwambia mtungi wa gesi uko chumba gani, anataka kuongea na "mkuu wenu". Afande hakubishana nae, akanigeukia akasema kwa sauti, dereva, mwambie huyu mzee mkuu anauliza mtungi uko wapi. Mzee alijibu faster. Tangu hapo wote kwenye gari tuna msimamo mmoja, ukija kwangu nakunyooshea kidole kwake, siongei hata neno. Ile lawama ya raia kwamba tumekuja bila maji ndio tunagawana sawa, haina mwanamke wala mwanaume.

Binti Kisauni UK

Salaam kutoka Uingereza. Mie ni zimamoto wa kuitwa, nina kazi yangu nyengine, bipa ikilia natoka mbio. Huku London ilipata kamishna mwanamke wa kwanza 2017, Dany Cotton, aliingia kazini 1988 ana miaka 18, na moja ya mambo aliyoyapigania ni watu waache neno lao la zamani "fireman", lenye "mwanamume" ndani yake. Nikawaambia wenzangu sisi kwa Kiswahili mzimamoto ni mzimamoto tu, wakashangaa. Lakini shangazi yangu Mombasa mpaka leo auliza, "na wewe wapanda ile gari au wawapikia?"

Mie vita vyangu vilikuwa nywele. Barakoa ya mtungi wa hewa lazima ikamate ngozi kotekote, rasta moja ikipita chini ya ukingo moshi unaingia. Nikaambiwa ninyoe. Nikaomba nipimwe kwanza, nimesuka mistari ya kurudi nyuma na kitambaa cha zimamoto juu yake. Haikuvuja. Yule aliyeniambia ninyoe alikuwa na ndevu, na zake zilivuja.

Mama Kikoba

@Binti Kisauni nimecheka hadi nimeamsha mtoto.

Mimi nilipigania kutoka kituoni. Elimu kwa umma ilikuwa inapelekwa maofisini tu, wanakaa wanaume wenye tai wanapiga makofi, wakati mitungi ya gesi ipo kwa mama lishe. Nikaomba jumamosi moja tu niende kwenye vikoba, bosi akasema usafiri hakuna, nikapanda daladala na mtungi na rejeleta yangu ya nyumbani. Nikauliza mnajuaje gesi inavuja? Mama mmoja mtu mzima akasema anapitisha kiberiti kwenye mpira. Na sio yeye peke yake, walinyoosha mikono sita! Nikamwambia, bibi yangu, paka povu la sabuni, ukiona linavimba ndio panapovuja. Na harufu ikijaa ndani funga valvu, fungua mlango, usiguse swichi hata ya kuzima, halafu toka upige 114, namba ya zimamoto Tanzania. Wakaanza kuniletea mipira yao niikague, mmoja umefungwa na tyubu ya baiskeli. Wangenionesha hiyo kama ningekuwa afande mwanaume? Sidhani.

Usafiri bado sijapewa. Naenda na daladala.

Mpira wa 70

Mama Kikoba iandikie barua, weka idadi ya mipira mibovu uliyoikuta na tarehe. Ukikwama nicheki PM nikupe ile yangu ubadilishe maneno.

Na wale mliopata ujauzito mkiwa zamu ya gari mlihamishiwa wapi? Kwetu yupo mmoja ana miezi minne, bado yupo kwenye orodha ya ngazi.