Mshauri kaniombesha pensheni yangu na mafao ya marehemu mke wangu kwa mpigo. Nimepigwa!

Wakuu, salaam. Mtanivumilia, naandika nikiwa na hasira na sijalala.

Mama watoto alifariki mwishoni mwa 2023. Huku Marekani tumefanya kazi sote zaidi ya miaka ishirini, yeye nesi, mimi dereva wa basi la shule, na kila mshahara Social Security, mfuko wa serikali wa pensheni na mafao, wanakata chao. Nilipotimiza 62 mwaka 2024 nikaacha kazi, mgongo umegoma. Shemeji akanipeleka kwa "mshauri wa mafao". Dola 300 taslimu, risiti hakuna. Hapo tu ningeshtuka.

Yule bwana akafungua laptop, hata jina la marehemu hakuuliza, akaniombea pensheni yangu mwenyewe mtandaoni. Dakika ishirini. Akafunga laptop: "Ya mkeo utapiga simu, hayo hayajazwi mtandaoni. Chukua vyote mzee, usiwaachie." Nikapiga simu, nikaomba vyote.

Sasa sikilizeni. Hupewi vyote. Ukiwa na pensheni yako na mafao ya mwenzi aliyefariki, jumla unayolipwa haizidi ile iliyo kubwa. Yangu kwa kuanza 62 ni dola 1,050 kwa mwezi, ya marehemu 1,353. Naingiziwa 1,353. Ile 1,050 imemezwa humo humo, wala hainiongezei kitu. Lakini kwenye faili inahesabika nimeshaanza kuila, na imekatwa asilimia 30 kwa kuanza mapema. Mkato huo haurudi.

Nilichotakiwa kufanya ni kuomba ya marehemu peke yake, na kwenye maombi iandikwe wazi kwamba pensheni yangu siiombi. Kwa wajane na wagane sheria inaruhusu. Yangu ningeiacha ikue: nikifika 67 ni 1,500, halafu inapanda asilimia 8 kila mwaka mpaka 70, inafika 1,860. Hapo nahama. Tofauti ni dola 507 kila mwezi mpaka naingia kaburini, na huku katikati ningekuwa nakula ile ile 1,353 ninayokula sasa! Ndicho kinachoniuma. Ile haraka haikunipa hata senti.

Mtakaokuja na "simamisha pensheni yako ukifika 67 ikue mpaka 70", nimeshapiga hesabu. 1,050 ikipanda asilimia 24 inafika 1,302. Bado ndogo kuliko hii ninayopata.

Na kulikuwa na mlango wa kutokea: ndani ya miezi 12 unaweza kufuta maombi ya pensheni yako, ukirudisha fedha zote ulizolipwa. Mimi nimejua mwezi wa 14! Aliyeniambia ni mama mmoja mjane, tumekaa benchi moja hospitali tukisubiri vipimo. Akatoa kwenye pochi kikaratasi kimekunjwa mara nne, kimeandikwa kwa kalamu: "60 yake. 70 yangu." Basi. Kikaratasi kizima ni hicho. Yaani ya marehemu mumewe aanze nayo akiwa na 60, yake mwenyewe akifika 70. Dola 300 zangu zilinunua nini?

Nikampigia mshauri. "Mzee, mimi sikukulazimisha." Kuanzia siku hiyo simu haipatikani.

Msikariri kikaratasi cha yule mama lakini. Kama marehemu alikuwa anakuzidi sana mshahara, geuza: yako anza nayo 62, ya marehemu iache mpaka 67 kwa sisi tuliozaliwa 1962 na kuendelea, ndipo unapata asilimia 100. Ukiianza 60 ni asilimia 71.5. Kuisubirisha kupita 67 ni kujinyima tu, haiongezeki. Na kama alishaanza kuchukua pensheni yake mapema kabla hajafariki, hesabu ni nyingine kabisa.

Wale wa msibani walioniambia "hizo ni hela za wanawake", katafuteni kesi ya Wiesenfeld, 1975. Mkewe alifariki akijifungua, yeye akanyimwa mafao ya kulea mtoto kwa sababu ni mwanaume. Wakili wake alikuwa Ruth Bader Ginsburg, na Mahakama ya Juu ikampa haki yake. Na wanaonitisha kwamba nikioa nanyang'anywa: hiyo ni kwa anayeoa kabla ya 60. Mimi nimeshavuka, ingawa kuoa kwenyewe sijui nitaolea nguvu gani.

Ile dola 255 ya mkupuo wanayotoa mwenzi akifariki hata siisemi. Kiwango kimekwama hapo tangu 1954.

Kuna yeyote humu aliyewahi kufutiwa maombi miezi 12 ikiwa imeshapita? Alisema nini mpaka wakamkubalia? Na kama kuna mwingine aliyejaziwa na huyu bwana wa laptop na dola 300, njoo inbox. Sidhani kama niko peke yangu.