Tupeane uzoefu: mameneja wa bidhaa tunaojifunza kutengeneza programu kwa AI

Wakuu, habari za baridi. Niko Mbeya, meneja wa bidhaa kwenye kampuni ndogo inayowaunganisha wakulima wa viazi wa Umalila na wanunuzi. Miaka yote nilikuwa nachora skrini kwenye karatasi, nampa developa, nasubiri wiki mbili. Sasa natumia Claude Code, zana ya AI ya kutengeneza programu. Naieleza kwa Kiswahili, inasoma mafaili ya mradi, inaandika msimbo (code) na kuujaribu. Fomu ya kwanza ya kupokea mzigo ilikamilika kabla ya chai ya saa nne.

Nikaipeleka shambani. Mama mmoja akataja magunia 12, programu ikazidisha kwa kilo 100. Akaitazama ile jumla, akaniambia, "Mwanangu, hii ni lumbesa." Wakuu, iliniuma. Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo chake, nimekua nikiiona, na kumpunja mkulima ndicho kitu kampuni yetu iliundwa kukizuia. Lakini sikuiandika popote, na AI ikikuta pengo inalijaza kwa namba inayofanana na ukweli. Siku hizi naanza na ukurasa mzima wa mambo ya shambani: uzito utoke kwenye mizani, gunia lisigeuzwe kilo, mkulima aone hesabu kabla ya kukubali. Kisha naiomba inipe mpango kwanza, nausoma, ndipo iguse msimbo.

Nyie mlianzaje? Kipi kiliwachoma?

Mdau, Njombe
Kwangu ni parachichi. Namba za simu za wakulima zilihifadhiwa kama tarakimu za kujumlisha, sifuri ya mwanzo ikapotea, SMS za bei hazikufika. Watu wakauza kwa dalali bei ya chini. Kwenye data za majaribio niliweka majina tu, simu sikuweka, kwa hiyo kosa halikuonekana mapema.

Mdau, Iringa
Saa! Niliandika gari la maziwa lipite saa 12 asubuhi. Ikahifadhi 12:00, ujumbe ukatoka adhuhuri. Sasa kila muda nauandika 06:00.

Mdau, Tukuyu
Mimi ni developa, naomba nichangie kwa upande wa pili. Meneja wetu anajituma sana na sitaki arudi kwenye karatasi, maana nikiona kitu kinachobonyezeka naelewa anachotaka kwa dakika tano. Shida ilikuwa analeta badiliko moja lenye mistari elfu mbili. Huwezi kulisoma, unaishia kuamini. Na siku moja ufunguo wa siri wa malipo (kama nywila ya programu kuingia kwenye mfumo wa malipo) ulikuwa umeandikwa ndani ya msimbo, ukapanda GitHub, mtandao wa kuhifadhi msimbo, mahali pa wazi. Akaufuta, akadhani yameisha. Git, mfumo unaorekodi mabadiliko ya msimbo, inatunza historia, wakuu: ufunguo ukishapanda, hesabu kwamba umeibwa. Tuliubatilisha tukachukua mpya. Sasa anafanyia kazi kwenye tawi lake (nakala ya pembeni ya msimbo), badiliko moja dogo kwa wakati, na data za wateja halisi hazigusi.

Mwanzisha mada
Mkuu wa Tukuyu, asante sana. Nimetoka kuangalia historia ya mradi wangu sasa hivi, na ufunguo wa SMS umo, tangu Machi. Nimempigia developa wetu, tunaubatilisha usiku huu. Wengine endeleeni, nitarudi kusoma.