Naombeni ushauri: karantini yangu inaisha Alhamisi na naogopa kutoka chumbani

Mama Wawili, Jumamosi, mwaka 2020, saa 3:40 usiku

Wakuu, habari za usiku. Naombeni ushauri, na tafadhali msinicheke, nimeandika hapa na kufuta mara nne.

Leo ni siku ya 9 niko chumbani peke yangu. Alhamisi ya wiki iliyopita usiku niliingiwa na ujumbe kutoka kazini kwamba nimekuwa karibu na mtu aliyekutwa na korona, nijitenge siku 14. Usiku uleule mume wangu alihamisha godoro sebuleni akalala huko na watoto, mimi nikaachiwa chumba. Chakula anakiweka kwenye stuli mlangoni, anagonga mara mbili, anaondoka. Nasubiri nyayo zitulie ndipo nafungua, barakoa usoni.

Tangu Machi kazi nafanyia kwenye meza ya chakula. Meza hiyohiyo ni darasa la mkubwa, ana miaka 9, na ni uwanja wa mdogo, ana miaka 5. Mkutano wangu ukianza tu na somo lake la hesabu linaanza, intaneti inakatika, mmoja analia, mwingine anataka kupelekwa chooni. Kazi ninayolipwa naifanya usiku wakishalala. Mume wangu naye yuko nyumbani, lakini yeye alikuwa anafanyia chumbani, mlango umefungwa, kwa sababu mikutano yake ni mizito.

Siku hizi 9 ndiye yuko mezani. Na mambo yanakwenda, nawasikia. Swali langu: nikitoka Alhamisi nifanye nini yasirudi kama yalivyokuwa? Nikiikumbuka ile meza mikono inaniingia baridi.

Baba Kelele, saa 3:52 usiku

Pole sana dada. Mimi takataka za nyumbani kwangu siku hizi nazitoa mara tatu kwa siku, mfuko mdogo mdogo. Mke wangu anafikiri nimekuwa msafi. Ukweli ni kwamba pale kwenye pipa kuna ukimya, nasimama dakika tano naangalia mti. Mti ule sikuwahi kuuona miaka sita niliyokaa hapa.

Mwalimu Mstaafu, saa 4:01 usiku

Binti yangu, ndoa ni kusaidiana. Kaeni kitako mpange ratiba, iandikwe, ibandikwe ukutani. Watoto nao wapewe kazi zao. Tatizo la vijana wa sasa hamzungumzi, mnaandikia watu msiowajua usiku wa manane.

Kijana wa Ghorofani, saa 4:06 usiku

Mwalimu, ni saa nne tu.

Dada, naishi peke yangu na huu ni mwezi wa tatu. Nimejifunza kuoka mkate. Hamira ilipoadimika nikachanganya unga na maji kwenye chupa nikaacha uchachuke, kila asubuhi naulisha kijiko cha unga, unapanda wenyewe. Kuna siku nilijikuta nausemesha. Sijaguswa na mtu tangu Machi. Wewe una mtu anayegonga mara mbili. Mimi nakuonea wivu, nasema kweli.

Mama Wawili, saa 4:15 usiku

Ahsanteni. @Kijana pole, sikuwa nimeliona hivyo. Lakini jamani swali langu ni la Alhamisi.

Mzee wa Hesabu, saa 4:19 usiku

Siku 14 unaziona nyingi? Neno karantini lenyewe lina siku arobaini ndani yake. Limetoka Venice, *quaranta*, arobaini, zama zile meli zikizuiwa nje ya bandari kwa hofu ya tauni. Kabla ya hapo Ragusa, mji unaoitwa Dubrovnik leo, mwaka 1377 waliweka sheria ya siku 30. Baharia anaiona nchi kavu na hashuki. Sisi tuna simu, tuna vitabu, tuna kitanda. Tushukuru.

ZamuYaUsiku, saa 4:30 usiku

Mimi ni muuguzi, niko mapumziko, nitaandika haraka. Dada, kwanza afya. Una homa, kikohozi, umepoteza harufu au ladha? Wengi dalili huwajia kama siku ya tano au ya sita, lakini zinaweza kuchelewa hadi siku ya 14, ndiyo maana hesabu ni hiyo.

Pili, siku 14 hazianzi ulipopokea ujumbe. Zinaanza siku ya mwisho uliyokuwa na huyo mgonjwa. Sasa umesema tangu Machi unafanyia kazi nyumbani. Ulikutana naye lini? Nipe tarehe nikuhesabie, huenda karantini yako imeisha tayari.

Mama Wawili, saa 4:41 usiku

Sina dalili yoyote. Tarehe sikumbuki vizuri. Nilipita ofisini mara moja kuchukua mafaili.

ZamuYaUsiku, saa 4:43 usiku

Siku uliyotoka nje mara moja tu ndani ya miezi mitatu, huikumbuki?

Baba Kelele, saa 4:44 usiku

Hapo sasa.

Mama Wawili, saa 5:10 usiku

Sawa. Nitasema.

Ile Ijumaa asubuhi, kabla hata sijamaliza siku moja humu ndani, kazini waliniandikia tena. Wakaomba radhi. Ujumbe wa kwanza ulikuwa wa mwenzangu tunayefanana jina, mimi sihusiki, niendelee na shughuli zangu. Niliusoma nimelala. Ilikuwa saa mbili na nusu, na tangu mdogo wangu azaliwe sikumbuki lini niliamka saa mbili na nusu. Nikaweka simu chini ya mto nikalala tena.

Sikumdanganya mtu. Mume wangu hakuniuliza kama kuna ujumbe mwingine. Nilisema nitamwambia mchana, mchana nikasema jioni. Kazi naifanya, tena naimaliza mchana kama watu wote. Nimesoma kitabu kizima. Nimekaa dirishani nikaona jua linavyohama kutoka kabatini hadi mlangoni, inachukua saa nne. Kama ningeomba siku tatu za kupumzika nani angenipa? Niambieni ukweli, nani angenipa?

Ndiyo maana nauliza ya Alhamisi. Hizo siku tano zilizobaki hazimdhuru mtu.

Mwalimu Mstaafu, saa 5:14 usiku

Huo ni uongo, mwanangu. Ukinyamaza mwenzako anaamini, umemdanganya.

Mpenda Ukweli, saa 5:20 usiku

Wakuu, mimi simo. Hii hadithi imetungwa. Angalieni: kwanza "sikumbuki tarehe", akabanwa, ghafla ujumbe wa pili. Majina yanafanana, kama tamthilia. Nyumba ina chumba kimoja cha kulala au viwili? Watoto chumba chao kiko wapi, mbona wote wako sebuleni? Na mume aliyekuwa anajifungia na mikutano mizito leo anapika, anaosha, anafundisha hesabu, halalamiki siku 9? Watu wamechoka kukaa ndani, sasa wanatuchezea.

Mzee wa Hesabu, saa 5:23 usiku

Hata mimi nilishangaa hapo kwenye vyumba.

Baba Kelele, saa 5:25 usiku

Iwe ya kweli, iwe ya kutunga, imenigusa. Shirika la Afya Duniani lilipotangaza janga tarehe 11 Machi 2020 mimi nilidhani ni wiki mbili tatu. Tukaambiwa tunawe mikono sekunde 20. Mimi nanawa dakika nne, mlango wa bafu umefungwa, maji nimeyafunga, nimekaa kwenye ukingo tu. Mwanangu akigonga nasema "bado nanawa."

Kijana wa Ghorofani, saa 5:28 usiku

Kaka umetuvunja mbavu usiku huu. Dada yangu mkubwa anakaa kwenye gari lililozimwa. Anaaga anakwenda dukani, anakaa ndani ya gari palepale nje ya nyumba, kiti amekilaza. Siku moja watoto walimwona dirishani wakampungia mkono, naye akawapungia.

Mpenda Ukweli, saa 5:31 usiku

Mnazidi kumpa moyo mtu asiyekuwepo. Ajibu maswali yangu.

Mama Wawili, saa 5:48 usiku

Vyumba ni viwili. Cha watoto ni kidogo, mlango wake unagusana na wangu, ndiyo maana mume wangu aliwatoa wote wakalale mbali nami. Analalamika, sana tu, namsikia. Jana alimwambia mkubwa kwamba hata yeye hesabu za sehemu hazielewi, wakampigia simu shangazi yao. Chakula cha siku ya pili kiliungua, nilikila.

Mdogo ananichorea kila siku, anapitisha karatasi chini ya mlango. Ya leo ni hii iliyo mbele yangu. Baba, kaka yake, yeye mwenyewe mkubwa kuliko wote, wameshikana mikono. Pembeni kuna pembenne kubwa. Nilidhani ni kabati. Nikaigeuza kwenye taa nikaona juu ya pembenne zimechomoza nywele. Ni mimi, niko nyuma ya mlango.

Usiniamini ukipenda. Mimi hiyo karatasi ninayo.

Bibi Dirishani, saa 6:05 usiku

Mwanangu, mimi nakuamini. Nimelea watano, najua uchovu unaosema. Nikuulize jambo moja wenzangu hawajauliza. Hizi siku zote wenzako pale nyumbani wanatoka? Au nao wamejifungia kwa sababu yako?

Nauliza kwa sababu nina miaka 74 na niko peke yangu. Kijana wangu huja Jumapili, haingii, anasimama nje ya dirisha. Ameniletea mahitaji, anayaacha mlangoni, tunaongea kwa simu huku tunatazamana kwenye kioo. Dakika kumi na tano. Jumamosi huwa nakifuta kioo kile ndani, na nje nafika pale mkono unapofika. Leo nimekifuta.

Mama Wawili, saa 6:09 usiku

Shikamoo bibi.

Hawatoki. Mume wangu alisema hatujui, tusije tukawapelekea watu. Vitu vya dukani analetewa na jirani.

ZamuYaUsiku, saa 6:12 usiku

Na wazazi wenu?

Mama Wawili, saa 6:37 usiku

Wangu wako mbali. Wake yuko mama.

Ndiyo, bibi. Mume wangu naye huenda kwa mama yake Jumapili. Jumapili iliyopita hakwenda, alimwambia mama yake mimi ninashukiwa, avumilie. Niliyasikia maongezi kupitia ukutani. Mama akawa ananiombea mimi, akataja jina langu mara mbili. Nilivuta shuka kichwani. Kesho ni ya pili.

Sikuandika mwanzoni kwa sababu nilijua mkilijua hilo hamtanijibu kuhusu meza.

Mwalimu Mstaafu, saa 6:40 usiku

Sasa nimekuelewa, na sikuhukumu kama mwanzo. Lakini usingoje asubuhi.

Bibi Dirishani, saa 6:44 usiku

Kumweleza mume uchovu wako ni haki yako, na kumweleza kosa lako nayo ni haki yake. Usianze na la meza. Anza na la ujumbe, umalize, unyamaze. La meza litapata siku yake. Na mimi nitakujibu hilo la meza, sijalisahau: mwenye mlango wa kufunga awe na saa zake, na asiye na mlango awe na zake, saa kwa saa. Wewe umeonja mlango, na yeye ameonja meza. Hakuna tena wa kumhadithia mwenzake.

Mpenda Ukweli, saa 6:50 usiku

Mimi bado nasubiri.

Mama Wawili, Jumapili saa 5:20 asubuhi

Sikulala. Saa kumi na mbili nilisikia vyombo nikafungua mlango bila barakoa. Alikuwa anaosha sahani za jana, mgongo kwangu. Aliponiona alirudi nyuma hatua mbili, mkono mbele, akaniambia rudi ndani. Hapo ndipo niliona aibu niliyokuwa sijaiona siku zote 9, kwa sababu alikuwa ananiogopa kwa ajili ya watoto.

Nikamsomea ujumbe wa pili kama ulivyo, na tarehe yake. Hakusema neno. Alichukua kitambaa akafuta sahani moja moja mpaka zikaisha, akazipanga. Kisha akauliza, "Tangu Ijumaa?" Nikasema tangu Ijumaa. Akauliza, "Umelala lakini?" Sikujua ni hasira au ni swali. Nikasema nimelala. Akavaa barakoa, akachukua funguo, akaenda kwa mama yake, saa moja kamili, hata hajanywa kitu.

Watoto wako juu yangu tangu hapo. Mdogo ananishikashika uso kama anahakikisha. Simu imepigwa kutoka kule, ni mama, ameniuliza nimepona? Nikamwambia mama, sikuwa mgonjwa, nitakueleza mwenyewe. Akasema sawa, akaniambia mwanawe amesimama pale nje tangu saa moja na nusu na hajaaga, na yeye kiti chake amekisogeza mpaka kwenye kioo.

Stuli bado iko mlangoni, hakuna aliyeiondoa. Ya meza hatujazungumza.

Bibi Dirishani, saa 5:26 asubuhi

Umefanya vizuri mwanangu. Wangu naye amefika, naacha simu.

Mpenda Ukweli, saa 5:41 asubuhi

Dada, swali la mwisho. Ile pembenne kwenye mchoro, ilikuwa ya rangi gani?

Mama Wawili, saa 5:44 asubuhi

Kijani. Mlango wetu ni mweupe, lakini kalamu zake zote zimekauka, imebaki ya kijani tu.