Mapito ya GJ 436 b kwa darubini ya sm 20: inawezekana nikiwa Dodoma?

Swali

Wakuu, habari za jioni. Nataka kupima mapito (sayari kukatiza mbele ya nyota yake) ya GJ 436 b, ile sayari ya aina ya Neptuni kwenye kundinyota la Simba, umbali wa miaka ya nuru 32 hivi. Darubini ni ya kioo cha sm 20, kamera ni ya nyeusi na nyeupe yenye kipozeo, na kituo ni Dodoma. Mwanga wa nyota hupungua asilimia 0.7 tu. Vifaa hivi vinatosha? Halafu kuna wingu la haidrojeni linalosemwa kufunika zaidi ya nusu ya nyota. Mbona basi upungufu ni mdogo kiasi hicho?

Jibu la 1

Vinatosha, mkuu. Hata mapito yenyewe yaligunduliwa mwaka 2007 kwa darubini ya sm 60 tu, kule St-Luc, Uswisi. Sayari ilikuwa imeshajulikana tangu 2004 kwa namna inavyoiyumbisha nyota yake.

Anza na kalenda. Sayari huzunguka kwa siku 2.644, kwa hiyo mizunguko mitatu ni siku 8 kasoro dakika 98. Ukikosa pito la leo kwa mawingu, siku ya nane litakuja mapema zaidi kwa saa moja na dakika 38. Dodoma mvua huwa zimeshaisha mwezi Mei, na huo ndio wakati wako: Mei mosi nyota hufika juu kabisa kama saa 3:40 usiku, nyuzi 57 kutoka upeo wa macho. Juni mosi hufika hapo kama saa 1:40, na ikikaribia saa 5:05 inakuwa imeshuka hadi nyuzi 30. Chini ya hapo usipige, hewa ni nzito mno.

Pito lenyewe huchukua kama saa moja. Piga saa nzima kabla na saa nzima baada, bila kukatiza. Ukipata bonde (mshuko wa mwanga kwenye mchoro) bila kingo zake, huna cha kulinganisha nalo, na kazi yote imepotea.

Jibu la 2

Naongezea upande wa kamera, maana hapo ndipo wengi wanapoangukia.

Nyota ina mng'ao wa 10.6 (kipimo ambacho namba ikiwa kubwa nyota ni hafifu). Sogeza fokasi kidogo hadi nyota iwe duara la pikseli 10 hadi 15, mwanga usambae badala ya kurundikana kwenye pikseli chache. Piga sekunde 60 kila picha, na hesabu ya pikseli angavu zaidi ibaki kati ya 30,000 na 40,000 kwa kamera ya biti 16. Funga ufuatiliaji vizuri nyota isihame pikseli. Kumeta kwa hewa peke yake kwa kioo chako kutakupa makosa ya kama sehemu 1.5 kwa elfu katika kila picha. Ukikusanya picha tano tano, bonde la sehemu 7 kwa elfu litajitokeza wazi.

Tumia kichujio chekundu, tafadhali. GJ 436 ni nyota kibete nyekundu, na nyota nyingi za kulinganishia, zile jirani kwenye picha hiyo hiyo, zitakuwa na rangi ya buluu zaidi. Zikishuka pamoja, zile za buluu hufifia haraka, na mchoro wako utapanda taratibu usiku kucha kana kwamba nyota yako inaongezeka mwanga. Ukipiga bila kichujio, mteremko huo unaweza kulimeza pito lote.

Kuhusu wingu: lile lilipimwa kwa darubini ya anga ya Hubble, matokeo yakatoka 2015. Linazuia asilimia 56, lakini kwenye mstari mmoja tu (rangi moja finyu) wa haidrojeni katika urujuanimno, mwanga ambao hewa ya dunia haiupitishi kabisa. Kwa kichujio chekundu wingu ni kama halipo. Unachopima ni sayari yenyewe.

Muulizaji

Asanteni sana. Nimejaribu hesabu ya ukubwa: nusukipenyo cha nyota ni 0.455 ya Jua, sawa na Dunia 49.6. Nikizidisha kwa 0.007 napata Dunia 0.35. Hii ni ndogo kuliko hata Mirihi!

Jibu la 3

Umesahau kipeuo cha pili, ndugu. Kinachofunikwa ni eneo la duara, kwa hiyo chukua kwanza kipeuo cha pili cha 0.007, yaani 0.0837. Zidisha kwa 49.6, unapata Dunia 4.15. Neptuni ni 3.88. Uzito wake ni kama Dunia 22, na ukigawanya kwa 4.15 mara tatu, kisha ukazidisha kwa 5.51 (msongamano wa Dunia), unapata msongamano wa kama gramu 1.7 kwa sentimita ya ujazo. Neptuni ni 1.64. Ndiyo maana inaitwa ya aina ya Neptuni, ingawa iko kilomita milioni 4.3 tu kutoka kwa nyota yake.

Ila sayari hii hupita karibu na ukingo wa nyota, ambako mwanga ni hafifu kuliko katikati. Bonde lako litaonekana kama herufi V, bila sakafu bapa. Usidhani umekosea fokasi. Na saa ya kompyuta iweke sawa kwa intaneti kabla ya kuanza, kisha geuza nyakati ziwe za kitovu cha mfumo wa Jua, yaani kana kwamba mwanga umeupokea ukiwa pale. Usipofanya hivyo, pito linaweza kuonekana limewahi au kuchelewa kwa dakika kadhaa, hadi 8.